Brian Cody: Jezi Haina Mwenyewe

Maswali na majibu

Brian Cody aliachia ngazi Julai 2022 baada ya kuinoa Kilkenny kwa misimu 24 na kutwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mara 11, rekodi ambayo hakuna kocha mwingine wa halingi aliyeifikia. Kanuni za mchezo nimeziruka. Anayejua kwamba timu ina watu 15 wenye fimbo, na bao huhesabiwa pointi tatu, atafuata bila shida. Nimechagua maswali yanayorudiwa mno, hasa yale yanayorudiwa bila kufikiriwa.

Alikuwa na wachezaji bora kuliko wote. Ukocha wake uko wapi hapo?

Barua nyingi zimeuliza hili kwa maneno tofauti, nami nazijibu kwa pamoja kwa sababu kosa lao ni moja. Kwamba Kilkenny ina vipaji, hakuna anayebisha. Ni kaunti ya watu takriban laki moja, lakini halingi ndiyo mchezo wake mkuu, na Chuo cha St Kieran's, alikosoma Cody mwenyewe, kimelea vijana wa mchezo huo kizazi baada ya kizazi. Tatizo la hoja hii ni kwamba vipaji havikuanza siku Cody alipokabidhiwa timu mwishoni mwa 1998. D.J. Carey, mmoja wa mafundi wakubwa waliowahi kushika fimbo, alikuwapo miaka yote kabla ya hapo, na bado kaunti haikubeba kombe tangu 1993. Cody akaingia, akapoteza fainali ya 1999 kwa Cork kwa pointi moja tu, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa. Kama kipaji peke yake kingetosha, kombe lisingemsubiri.

Ushahidi mzito zaidi uko mwisho wa safari. Baada ya ubingwa wa 2014 walistaafu Henry Shefflin, mchezaji wa kwanza kutwaa medali 10 za ubingwa uwanjani, pamoja na J.J. Delaney na Tommy Walsh, nguzo mbili za ulinzi. Timu inayotegemea majina ingeporomoka hapo hapo. Kilkenny ikabeba kombe la 2015. Wengine watasema warithi nao walikuwa na vipaji, na T.J. Reid anatosha kuwa mfano. Sawa, lakini warithi hao walikuwa tayari kwa sababu kwa miaka walikuwa wakipigania namba mazoezini dhidi ya hao hao wakongwe, na walijua kwamba anayefanya vizuri wiki hii ndiye atakayepangwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; Cody alihakikisha hakuna mgema anayelewa sifa. Ukocha wake ulikuwa hapo: jezi haikuwa mali ya mtu.

Alilipwa kiasi gani?

Mshahara haukuwapo. Halingi ni mchezo wa ridhaa. Cody alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Si kweli kwamba alitawala kwa vitisho?

Wanaoandika hivi humtaja Charlie Carter, nahodha wa 2003, aliyejiondoa kikosini katikati ya msimu kwa kukosa namba. Mfano ni wa kweli. Tafsiri ndiyo mbovu. Kwa desturi ya Kilkenny, unahodha hutoka kwa klabu iliyotwaa ubingwa wa kaunti, kwa hiyo cheo hicho hakimhakikishii mtu nafasi uwanjani. Cody angeweza kumpanga nahodha kwa heshima ya kitambaa. Hakufanya hivyo, Carter akaondoka, na Carey, wa klabu ile ile, ndiye aliyeinua kombe mwaka huo. Uamuzi ulikuwa mkali, lakini vitisho ni pale mchezaji asipojua kigezo anachopimwa nacho. Hapa kigezo kilijulikana, nacho kilimhusu kila mtu.

Pingamizi lenye uzito ni lingine, na nashangaa ni wachache waliolitumia. Mwaka 2010 Kilkenny ilikuwa ikiwania ubingwa wa tano mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Shefflin alikuwa ameumia goti vibaya katika nusu fainali, lakini alipangwa kuanza fainali, akatolewa mapema kipindi cha kwanza, na Tipperary ikashinda kwa pointi nane. Huwezi kusema goti ndilo lililoleta kichapo. Lar Corbett alifunga mabao matatu, na hayo hayakupitia kwa Shefflin. Ila siku hiyo jina lilipewa nafasi ambayo mwili haukuweza kuistahili, na aliyevunja kanuni ni mwenyewe aliyeitunga. Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana tena fainali, na Kilkenny ikashinda.

Je, alimkatalia Shefflin mkono mwaka 2022, Shefflin alipokuwa kocha wa Galway?

Mkono alimpa. Yaliyobaki ni umbea.

Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa kawaida tu?

Alikuwa nahodha wa mabingwa wa 1982, akicheza beki wa kati. Miaka minne kabla ya hapo alijaribiwa mbele, Kilkenny ikafungwa fainali na Cork, na watu wa kwao wakamzomea. Pimeni wenyewe.

Mbona hakushinda tena baada ya 2015?

Kwa sababu kanuni yake ina mpaka, na wapenzi wake hawapendi kuusikia. Ushindani wa ndani huinua timu hadi kiwango cha wanaoshindana, basi. Kundi la mazoezini likipungua makali, anayelishinda hupata namba bila kuwa tayari kwa fainali. Tipperary iliishinda Kilkenny kwa pointi tisa katika fainali ya 2016, na kwa 14 katika ile ya 2019. Hata hivyo, fainali yake ya mwisho, dhidi ya Limerick iliyokuwa ikitawala mchezo, aliipoteza kwa pointi mbili tu. Makocha wanaotaka kumwiga waache kuiga ukali wa uso wake. Wajiulize kama wanaweza kumweka benchi mchezaji wao maarufu kuliko wote wiki anayostahili kukaa benchi. Asiyeweza hilo, mengine ya Cody hayatamsaidia.