SOMO LA SOKO: Kwa nini vipuri vya zamani bado vinatengenezwa?

Fundi redio wa Chanika, Handeni, akifungua amplifaya iliyoungua huenda akakuta transista ya 2N3055, iliyoanza miaka ya 1960. Bado inauzwa mpya. Vivyo hivyo aisii ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuingia sokoni mwaka 1972.

Kwanza, gharama za ubunifu na mitambo zilikwisharudi zamani; kilichobaki ni gharama ndogo ya kila kipande. Pili, mahitaji yapo: mashine ya kiwandani hutumika miaka 20 au zaidi, na kuisanifu upya kwa ajili ya kipuri kimoja ni hasara. Tatu, tabia ya kipuri inajulikana, na hutengenezwa na kampuni zaidi ya moja.

Wateja wakipungua mno, mtengenezaji hutangaza muda wa agizo la mwisho. Baada ya hapo bei hupanda na bandia huingia.

Mwenye duka la vipuri asitupe mtaji kwenye mtindo mpya kabla ya kuhesabu vyombo vinavyoletwa kwa mafundi wa mji wake. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia aweke nini rafuni.