Kiwanda cha Spiriti Kando ya Mto Mara: Tuulize Nini?

Muhula huu mwalimu wetu wa kemia alitupa zoezi ambalo halimo kitabuni. Alisema: "Tuseme kwamba tajiri mmoja anataka kujenga kiwanda cha kukeneka spiriti ya mihogo kando ya Mto Mara, mahali ambapo mto huo ni mpaka wa wilaya za Tarime na Serengeti. Kila siku kitatoa lita 30,000. Ninyi ndio wakaguzi. Mtauliza nini kabla msingi haujachimbwa?"

Kiwanda hicho ni cha mfano tu, hakipo. Lakini mihogo ipo, mto upo, na viwanda vya namna hiyo vipo kwingine. Kiko kimoja Muhoroni, nchini Kenya, na Kiwanda cha Sukari cha Kilombero hapa kwetu kilianza kukeneka spiriti mwaka 2013. Hivyo viwili hutumia molasi, yaani uji mweusi unaobaki sukari ikiisha kutolewa katika miwa.

Wenzetu ambao wazazi wao hulima mihogo walilifurahia zoezi hili tangu mwanzo, nami siwalaumu. Tani moja ya mihogo mibichi hutoa lita 150 hadi 180 za spiriti. Basi kiwanda cha lita 30,000 kingehitaji tani 170 hadi 200 kila siku, na huko ni kupata soko ambalo mkulima wetu hajapata kuliona. Tena spiriti hufaa kwa kupikia. Serikali imetoa mkakati wake wa mwaka 2024 ukitaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na sisi tunaokula ugali ulioivishwa kwa magogo twajua moshi ni nini. Kwa hiyo sikuingia katika zoezi hili nikiwa adui wa kiwanda.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mihogo husagwa na kuchemshwa, wanga wake hugeuzwa kuwa sukari, kisha hutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: ethanoli, ambayo ndiyo spiriti yenyewe, na hewa ukaa. Baada ya siku mbili tatu hupatikana pombe nyepesi. Pombe hiyo huchemshwa. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Sentigredi na maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa ethanoli hutangulia, hupozwa, na kudondoka. Wanaoujua mtambo wa gongo, wala sitauliza wameujuaje, watatambua kwamba kanuni ni ile ile.

Darasa zima lilianza na moto, na ni haki. Mvuke wa ethanoli huweza kushika cheche tangu joto la nyuzi 13 hivi. Usiku wa Tarime, ambao sisi twauona baridi kali, kwa kawaida haushuki chini ya hapo, maana yake hakuna saa ambayo matangi hayo ni salama yenyewe. Tena mwali wa ethanoli ni wa samawati hafifu, na mchana juani hauonekani vizuri. Mtu aweza kuuingia kabla hajajua. Povu la kawaida la kuzimia moto huharibiwa na ethanoli, hivyo lahitajika povu la aina yake. Basi tuliandika: gari la zimamoto litatoka wapi, litachukua dakika ngapi, nalo lina povu hilo? Matangi yana ukuta wa kuyazunguka, wa kuzuia spiriti yote isitiririke likipasuka moja? Kinga za radi ziko wapi? Katika mkoa huu wa kando ya Ziwa swali la radi si la mzaha.

Na malori je? Mwalimu alitukumbusha Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na watu wakakimbilia kuchota. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Spiriti ina kishawishi kibaya zaidi, kwa kuwa wako watakaotaka kuichota ili wainywe. Kenya, Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, ambayo kwa macho na kwa harufu haitofautiani sana na ethanoli.

Hewa ukaa wengi waliisahau. Kwa hesabu yetu, lita 30,000 za ethanoli huambatana na karibu tani 23 za hewa hiyo kila siku. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hukaa chini ndani ya matangi na mashimo. Mtu ashukaye kusafisha tangi huanguka. Wa pili hushuka kumwokoa, naye huanguka. Wenzetu wa Nyamongo hawakuhitaji maelezo marefu, kwani wanayajua mashimo ya wachimbaji wadogo.

Nasi tulio kwetu kwenye mihogo tulikuwa na jambo la kuongeza. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime ya wakati ule watu walipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, kwa kula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha. Sumu yake ni sianidi. Mihogo ikioshwa na kusagwa, sehemu ya sumu hiyo huingia katika maji, nayo huua samaki hata ikiwa kidogo. Maji ya kuoshea, basi, yasihesabiwe kuwa ni maji tu.

Lakini jambo lililonishika mimi, na ambalo nililifanyia hesabu mpaka kengele ya kulala, ni machicha. Kila lita moja ya spiriti huacha nyuma yake lita 10 hadi 15 za maji ya machicha, ya moto, machungu, ya rangi ya udongo. Hayo si sumu kama dawa ya wadudu. Yamejaa chakula cha bakteria, na bakteria wakila hutumia oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi.

Nilichukua lita 12. Mara 30,000, ni lita 360,000 kwa siku. Machicha ya mihogo yaweza kudai gramu 25 za oksijeni kwa kila lita. Ya molasi hudai zaidi. Hiyo ni kilo 9,000 za oksijeni kila siku, sawa na uchafu wa watu zaidi ya 160,000. Sasa, maji safi ya mto katika kimo chetu na joto letu hubeba gramu 7 hivi tu za oksijeni kwa kila mita ya ujazo. Gawanya: yahitajika mita za ujazo 1,285,000, au karibu 15 kila sekunde, zinyang'anywe oksijeni yote. Katika miezi ya ukame Mto Mara hushuka chini sana ya hapo. Kweli, bakteria hawamalizi kazi siku moja, na mto hujipatia oksijeni nyingine kutoka hewani. Hata hivyo sikupata usingizi mzuri, kwa maana ng'ombe wetu hunywa mto huo.

Jambo kama hilo tumekwisha liona bila kiwanda chochote cha spiriti. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakuamini, wakautazama mgodi. Nadhani sehemu ya ugomvi ule ilitokana na kukosa vipimo vya mto vya kila siku kabla ya msiba, ambavyo kila mtu angeweza kuvisoma.

Je, dawa ipo? Ipo. Machicha huweza kufungiwa katika matangi yasiyoingia hewa, yakatoa gesi ya kuwashia tanuri la kiwanda chenyewe, kisha yakapunguzwa makali na kumwagwa mashambani kama mbolea, kwa kuwa yana potasi nyingi. Kanuni zetu zinataka maji yanayotoka kiwandani yasidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Kutoka 25,000 hadi 30 ni safari ndefu, na ni ya gharama. Kwa hiyo swali letu la kwanza kabisa katika orodha likawa: mitambo ya machicha itajengwa kabla ya mtambo wa spiriti, au "baadaye"? Na mvua za masika zikijaza mabwawa, yatafurikia wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka tathmini ifanywe kabla ya ujenzi, na wananchi wasikilizwe. Yakataza pia kazi za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Mwenzangu mmoja alisema mkutano wa hadhara huishia kwenye soda na posho. Mimi namwambia aende na hesabu mkononi.

Kupima mto si kazi ngumu. Sisi tulianzia kijito kilicho nyuma ya shule: upana mita 2, kina cha wastani sentimita 15, na chungwa lililotupwa majini likaenda mita 10 kwa sekunde 25. Zidisha, kisha punguza asilimia 20 kwa ajili ya maji ya chini yaendayo polepole: lita 96 kwa sekunde. Kidato cha Tatu watapima tena kila Jumamosi hadi mwisho wa kiangazi, na daftari limewekwa maabara.