Bahari Ndani ya Sanduku la Kioo

Watu wengine wa Ulaya hufuga samaki nyumbani, ndani ya sanduku la kioo. Wengi huweka samaki wa maji matamu. Hata samaki wa ziwa la Tanganyika wako huko Ulaya, wanaogelea mbele ya watu. Lakini wengine hutaka samaki wa bahari pamoja na matumbawe. Ukiona tumbawe utasema: ni jiwe, au ni mti. Sivyo. Ni wanyama wadogo wengi wanaokaa pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa.

Katika litri moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Na maji ya matumbawe yawe na joto la digri 25 hivi, usiku na mchana.

Mtu mmoja wa Ubelgiji alikuwa na sanduku la namna hiyo. Urefu wake meta 1, upana nusu meta, kimo nusu meta. Siku moja alihama. Nani atabeba kilo 250 za maji? Na hata wakipatikana watu wa kubeba, kioo kitapasuka.

Basi alivuta maji kwa mpira, akayatia katika mapipa safi. Samaki na matumbawe aliwatia katika ndoo. Yote yalikwenda vizuri. Lakini katika nyumba mpya aliona mawe ya sanduku yana matope, akayaosha kwa maji ya bomba. Hapo alikosa.

Juu ya mawe yale na ndani ya matundu yake hukaa bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki hutoa sumu, jina lake amonia. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Bakteria wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Maji ya bomba hutiwa klori ili kuua vidudu vya magonjwa. Ni vema kwa watu wanaokunywa, lakini klori haichagui kidudu kizuri na kibaya.

Siku ya tatu asubuhi samaki walikuwa juu, wakihema upesi upesi. Wawili walikuwa wamekufa. Mtu yule alipima maji kwa dawa, akaona amonia nyingi. Hakungoja. Alitengeneza maji mapya, yenye chumvi na joto sawasawa na yale ya kwanza, akabadili nusu. Kesho yake akafanya vile vile. Akapunguza chakula, akaomba kwa rafiki yake mawe machache yenye bakteria, yasiyokauka. Hata hivyo majuma matano yalipita kabla ya sumu kwisha.

Tangu hapo kazi ni ya kila siku. Maji hupanda hewani kama mvuke, lakini chumvi hubaki. Kwa hiyo hujaza maji matamu yasiyo na klori. Akijaza ya chumvi, yatakuwa makali kupita bahari. Kila juma hubadili sehemu moja ya kumi ya maji, ili nitrati ipungue. Tena huwasha taa kali, kwa maana ndani ya mwili wa tumbawe mna mimea midogo sana inayolilisha kwa nguvu ya mwanga. Mwezi wa nane baada ya kuhama, tumbawe moja lilikuwa limeongezeka upana wa kidole.

Maswali. — Kwa nini samaki walihema upesi? Maji yakipungua, kwa nini hatujazi maji ya chumvi? Sanduku lina litri 250: kila juma mtu yule hubadili litri ngapi?