Neno na Haki: "Shoga", "Jinsi" na Mustakabali Usiotabirika

Makala haya yanadhamiria kuchunguza suala ambalo wanaisimu wetu wamelikwepa: namna msamiati unavyofungamana na haki za wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya.

Tuanze na neno shoga. Miongoni mwa wanawake wa pwani, shoga ni mwandani. Mwanamke humwita mwenzake hivyo bila soni. Neno lilo hilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Msenge halina hata huo uso wa pili. Anayetaka kujieleza kwa Kiswahili hukuta lugha imekwisha kumhukumu kabla hajafumbua kinywa. (Vijana wakikimbilia Kiingereza, twawalaumu kwa kuiga ugeni!)

Sheria nayo ina msamiati wake. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni Mwingereza, chataja tendo lililo kinyume cha maumbile na kuliwekea kifungo cha miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha. Walalamishi wakakata rufaa.

Hata hivyo, tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kuwanyima watetezi wa haki hizo usajili wa shirika lao kulikiuka Katiba. Hapa mwanafunzi wa semantiki hana budi kutua. Kifungu cha 27(4) cha Katiba ya 2010 hakitaji mwelekeo wa kimapenzi, chataja jinsi. Majaji walio wengi walishikilia kwamba maana ya neno hilo yajumuisha mwelekeo huo. Tumaini basi limeegemea mawanda ya neno moja, tena la Kiingereza, kwani kifungu cha 259 chaipa nakala ya Kiingereza kauli ya mwisho matini zinapokinzana. Je, fasiri hiyo ingesimama kwa Kiswahili, ambamo mpaka baina ya jinsi na jinsia haujatulia? Kwa maoni yetu, ingeyumba.

Isitoshe, uamuzi huo haukukigusa kifungu cha 162. Shirika laweza kusajiliwa ilhali tendo lingali jinai. Mwaka uo huo wa 2023 jirani yetu Uganda ilitunga sheria inayofikia adhabu ya kifo. Botswana, kinyume chake, Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2021 kuondolewa kwa jinai hiyo. Kenya imesimama katikati. Na shahidi atakayejieleza mahakamani kwa Kiswahili angali analazimika kuchagua baina ya tusi na fafanuzi ya maneno manne: mpenzi wa jinsia moja.