Kufundisha Sauti: Samaki, Maji na Ndege za Kipawa

Mtoto wa Kipawa hahitaji kuelezwa kelele ni nini. Anaishi jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na ndege ipaapo mazungumzo hukatika. Basi somo la sauti na lianzie hapo.

Tumwulize: je, samaki naye hupiga kelele? Wengi watajibu kuwa samaki ni bubu. Tusiwakemee. Gogogo wa mito na maziwa yetu hulia akikamatwa, kwa kusugua mwiba wa pezi lake katika kiungo chake. Karamamba wa pwani husaga meno ya kooni, na kibofu chake cha hewa huikuza sauti hiyo. Mwaka 2024 wataalamu walieleza habari za Danionella cerebrum, samaki wa Myanmar mwenye urefu wa milimita 12 hivi. Msuli wake huvuta ubavu, ubavu hukaza gegedu, nalo gegedu likiachiwa hufyatuka na kupiga kibofu cha hewa kama ngoma. Sauti yake, ipimwapo karibu naye kwa haidrofoni, yaani chombo cha kupokea sauti majini, huzidi desibeli 140.

Hapa ndipo mwalimu huteleza, akasema kuwa samaki huyo hunguruma sawa na ndege. Desibeli ni ulinganifu: kila desibeli 20 zikiongezeka, kanieneo huwa mara 10. Hewani twaanza kuhesabu kwenye maikropaskali 20. Majini twaanza kwenye 1. Tofauti hiyo peke yake ni desibeli 26. Tena maji ni mazito kuliko hewa, na sauti hupita humo kwa kasi zaidi. Kwa sababu hiyo twaondoa nyingine 36 hivi. Basi 140 za majini ni sawa na takriban 78 za hewani.

Vifaa vya zoezi ni kitana, puto, ndoo ya maji na mawe mawili. Mwanafunzi mmoja asugue kitana kwa ukucha, kama gogogo. Mwingine apige puto kwa kidole. Kisha mawe yagonganishwe majini. Wasikilize kwanza wakiwa wima, halafu sikio likiwa limebanwa ubavuni mwa ndoo. Watatambua kuwa sauti ya majini hutoka hewani kwa shida. Waandike waliyoyasikia kabla hatujawaeleza.

Siku mtoto atakapotajiwa desibeli naye akauliza, "Zimehesabiwa kuanzia wapi?", tujue somo limeeleweka.