Siri yako usiitie mwenyewe kwenye jalada

Jirani yangu mmoja, muuza nguo hapa Dar es Salaam, alikorofishana na mshirika wake juu ya mgawo wa faida. Akafungua kesi ya madai. Ili aonekane mkweli, akaambatisha daftari lake lote la duka: majina ya wateja, bei anazonunulia mzigo, hata vyeti vya hospitali vya mkewe vilivyokuwa vimebanwa humo. Aliponijia kutaka ushauri, nakala ilishamfikia mdaiwa na wateja walishaanza kupigiwa simu.

Wengi tunadhani siri hutoka siku ya kusikilizwa kesi. La hasha! Hutoka mapema, kwenye viambatisho, tena kwa mikono yetu. Unachoambatisha kwenye hati ya madai, mpinzani wako hupewa nakala yake. Atajibu vipi asichokiona? Kisha kesi husikilizwa hadharani, na siku hizi hukumu nyingi zimo kwenye tovuti ya TanzLII, anayetaka anazisoma.

Jirani yangu alihitaji kurasa za miezi ya mgogoro tu. Vyeti vya mkewe vilihusu nini? Lakini kuchuja si kuficha: karatasi inayogusa mgogoro, mahakama ikiamuru uitoe, utaitoa. Kama ndani yake mna jambo la kuumiza, mwombe hakimu au jaji mapema lisikilizwe faragha, na sababu uwe nayo. Likishasemwa mbele ya watu, limesemwa.

Wakili wako mweleze yote. Sheria ya Ushahidi inamkataza kutoa uliyomwambia katika kazi yake bila ridhaa yako, hata kazi ikiisha, na karani wake pia amefungwa. (Anayetafuta njia ya kutenda uhalifu hana kinga hiyo.) Ila rafiki uliyemsimulia barazani hafungwi na lolote; anaweza kuitwa shahidi dhidi yako. Na ukiandika barua ya kutaka suluhu, weka wazi kwamba imeandikwa bila kuathiri haki zako, isije ikasomwa mahakamani kama umekiri deni.

Kesi ya jirani yangu bado inaendelea, na huenda akashinda. Bei zake za mzigo, lakini, mtaa mzima unazijua.