Mtoto Asiyeelewa Upesi

Ninyi baba na mama, mtoto wenu akirudi kutoka shule na alama mbaya, neno gani linatoka kwanza kinywani mwenu? Wengi husema, "Huyu ni mvivu," ao "Huyu hana akili." Kisha fimbo. Mwaka ukipita, mtoto anaondolewa shule na kupelekwa kuchoma makala. Ngojeni kwanza. Chunguzeni.

Ni kweli kwamba watoto hawafanani. Mmoja husikia wimbo mara moja kanisani, naye anaujua. Mwingine humtazama baba yake akishona wavu, na kesho anaushona yeye mwenyewe. Kwa hiyo watu wengi hufundisha kwamba kuna watoto wa macho, watoto wa masikio na watoto wa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Neno hili linapendeza, lakini halikuthibitishwa. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani walipima uchunguzi uliofanywa juu yake, wala hawakuona ushuhuda wa kutosha. Basi usimwite mwana wako "mtoto wa mikono" na kumnyima kitabu.

Mfundishe kwa njia nyingi pamoja. Akijifunza kujumlisha 7 na 5, apange punje za mahindi chini, azihesabu kwa sauti, kisha aandike 12. Kesho yake muulize tena, daftari likiwa limefungwa. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hii: "Mwanangu, nieleze mlijifunza nini leo." Mtoto anayejikaza kukumbuka hushika somo kuliko yule anayesoma ukurasa ule ule mara kumi.

Tena kuna lugha. Hapa Kasomeno, ambapo njia ya Lubumbashi inagawanyika kwenda Kasenga na Pweto, mtoto anaweza kusema Kibemba nyumbani, Kiswahili sokoni, na kukuta Kifaransa ubaoni. Sheria ya mafundisho ya 2014 inakubali lugha za taifa na za mahali zitumiwe shuleni. Muulize ulizo lile lile kwa lugha ya nyumbani. Akijibu sawasawa, akili yake ni nzima. Kinachomshinda ni Kifaransa.

Lakini sisi watu wa hospitali tunaogopa zaidi masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anafanana kabisa na mtoto mkaidi. Unamwita, hageuki. Unamtuma chumvi, analeta sabuni. Anapigwa kwa sababu ya ugonjwa! Mara nyingi sikio lilitoa usaha alipokuwa mdogo, watu wakasema litapona lenyewe. Usaha ukiendelea kutoka, sikio linaweza kuharibika. Usitie mafuta, wala maji ya majani. Sokota kitambaa safi na laini, ukaushe usaha mara 3 kila siku, umlete mtoto hospitali.

Mpime hivi nyumbani. Simama nyuma yake, hatua moja. Afunge sikio moja kwa kidole. Nong'ona majina: samaki, kisima, nyumba. Ayarudie. Kisha sikio la pili. Akishindwa, usimpigie kelele, mlete.

Macho nayo: yule anayekunja uso akitazama ubao, ao kushika kitabu karibu na pua, apimwe.

Malaria iliyopanda kichwani, ile ya degedege na kupotewa na fahamu, inaweza kuacha alama baada ya homa kwisha. Katika uchunguzi wa Kampala, Uganda, uliotangazwa 2008, karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopona ugonjwa huu alikuwa bado na shida ya kukumbuka, ya kukaza mawazo ao ya kujifunza miaka 2 baadaye. Kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua, na homa isingoje kesho. Juu ya njaa hatuna maneno mengi: anayekwenda shule bila kula hata kipande cha muhogo hawezi kusikiliza.

Mkimleta kwa munganga, elezeni magonjwa yote aliyoyapata tangu kuzaliwa, tangu lini amebadilika, na mambo gani anayafanya vizuri. Mwambieni pia mwalimu, hata kabla ya kuja kwetu, amketishe mbele, upande wa sikio lililo zima.